Kipimo cha Jeni na Tawakali: Je, Daktari Anapiga Ramli?



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, katika darsa zetu za baada ya Maghrib kuna swali moja linalorudi kila ndugu zetu wa udaktari wanapokaa pamoja na sisi wa masomo ya Kiislamu. Siku hizi vipo vipimo vinavyochukua kipande kidogo cha uvimbe wa saratani ya titi, vikasoma jeni zake, kisha vikatoa namba. Namba hiyo inaeleza kama uwezekano wa saratani kurudi ni mkubwa au mdogo, na kama dawa fulani itamfaa mgonjwa au haitamfaa. Je, huku si kuingilia ghaibu? Mwanamke anayesomewa majibu ya kipimo hicho ana tofauti gani na yule aliyekwenda kupigiwa bao kwa mganga?

Wapo wanaolicheka swali hili. Mimi silicheki, kwa sababu nimeliona likikaribia kuamua tiba ya mtu.

Mwaka juzi mama yangu mdogo alikutwa na uvimbe katika titi la kushoto. Kilikatwa kinyama, kikapelekwa maabara, jibu likarudi kuwa ni saratani. Hospitali ikasema bado vinahitajika vipimo vitatu katika kipande kile kile: kipokezi cha estrojeni, kipokezi cha projesteroni, na kile kinachoitwa HER2. Gharama ilikuwa juu ya familia, na haikuwa ndogo. Pakaitwa kikao. Mjomba mkubwa, ambaye ni mtu wa msikitini na wala si bahili, akasema: “Ndugu zangu, ugonjwa umeshajulikana. Ajali ya mja iko kwa Mola wake. Sasa fedha hizi tunalipia nini, tukaambiwe siku ya kufa kwake? Bora ale vizuri na tumtolee sadaka.” Nusu ya kikao iliafiki. Aliyeokoa jambo ni binamu wa mama, muuguzi, ambaye hakubishana na mtu, aliuliza tu: “Kaka, dawa atakazopewa tutazijuaje?” Vipimo vikafanyika. Vipokezi vya homoni vilikuwepo, HER2 haikuwa nyingi, na tangu hapo mama mdogo anameza tamoksifeni kila usiku baada ya Isha.

Swali la muuguzi yule lilitosha kwa siku ile. Lakini hoja ya mjomba ni hoja ya itikadi, nayo inastahiki jibu la itikadi. Tena kanuni tunayofundishwa mwaka wa kwanza kabisa ni kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukielewa. Basi tukielewe kwanza.

Kila seli ya mwili ina jeni, nazo ni kama mas-hafu yaliyopangwa rafuni. Si kila jeni inasomwa wakati wote. Nyingine zimefungwa, nyingine zinasomwa kwa sauti ya chini, nyingine kwa sauti ya juu. Katika uvimbe wa saratani usomaji huo umevurugika. Jeni zinazoamrisha seli kugawanyika huenda zikawa zinapiga kelele, na zile zinazotegemea homoni huenda zikawa zinasikika au zimenyamaza. Kipimo kiitwacho Oncotype DX kinasikiliza jeni 21, ambazo 16 zinahusiana na saratani na 5 ni za kulinganishia, kisha kinatoa alama kuanzia 0 hadi 100. Kingine, MammaPrint, kilichotokana na utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2002, kinasikiliza jeni 70. Vile vipimo vya mama mdogo ni vya kawaida na vya zamani zaidi, maana havisomi jeni moja kwa moja bali vinatazama protini ambazo jeni hizo zinatengeneza, lakini kazi yao ni ile ile: kuutambua uvimbe huu ni wa namna gani.

Hapa nitie neno kidogo kwa sababu nimesikia watu wakivunja posa kwa ajili yake. Jeni zinazosomwa hapa ni za uvimbe wenyewe. Mabadiliko kama ya HER2 yametokea ndani ya titi, hayarithiwi na mabinti. Yapo mabadiliko ya kurithi, mashuhuri yakiwa ya BRCA1 na BRCA2, lakini hayo ni mlango mwingine, na saratani nyingi za matiti hazitokani nayo. Kusema “ukoo ule una saratani, usioe kwao” kwa sababu mama mmoja alikutwa na HER2 ni dhulma iliyovaa koti la maabara.

Madaktari wanatofautisha vitu viwili ambavyo sisi tunavichanganya. Kipo kiashiria kinachoeleza ugonjwa unaelekea wapi, na kipo kinachoeleza dawa fulani itafanya kazi au la. Cha kwanza kinafanana na habari ya kesho, na ndicho kilichomtisha mjomba. Cha pili ni habari ya leo: ni sifa iliyomo katika uvimbe sasa hivi, ambayo dawa inaihitaji ili ishike. Mara nyingi kiashiria kimoja kinabeba yote mawili.

Tuanze na kile kinachotisha. Aya ya mwisho ya Surat Luqman inataja mambo matano ambayo ujuzi wake ni wa Allah peke yake, mojawapo likiwa nafsi haijui itafia ardhi gani. Alama ya jeni haidai kuijua hata mojawapo ya hayo. Daktari akisema mwanamke mwenye alama fulani ana uwezekano wa asilimia kadhaa wa kurudiwa na ugonjwa, anazungumzia wanawake wengi waliokuwa na uvimbe kama huo, waliofuatiliwa miaka mingi na kuhesabiwa. Huyu aliyekaa mbele yake atakuwa katika waliorudiwa au waliosalimika, hilo hakuna kipimo kinacholisema. Mkulima wa Mbale anaona mawingu yamekusanyika juu ya mlima Elgon akaanua maharage yake. Hajadai kuwa na funguo za mvua.

Na tazama tofauti na mpiga ramli. Huyo anaficha njia yake, hakubali kuhojiwa, na akikosea husema umekosa kutimiza masharti. Mwenye kipimo anaweka njia yake wazi, anataja kiwango chake cha kukosea, na mtu mwingine akirudia hesabu akakuta kosa, kipimo kinaachwa. Kilichokemewa kwa kahini ni kudai kuijua ghaibu pasipo sababu ya dhahiri. Kusoma dalili ambazo Allah ameziweka katika viumbe vyake ni jambo jingine, nasi katika fiqhi tunatenda kwa dhana yenye nguvu kila siku. Msafiri anajitahidi kukitafuta kibla kwa jua na nyota, anaswali, na swala yake inasihi.

Lakini sitaki tuishie hapa, kwa sababu kusema “si ramli, kwa hiyo inajuzu” bado hakujamjibu mjomba. Yeye hakusema kipimo ni haramu. Alisema hakina haja kwa mtu anayemtegemea Allah. Hapa ndipo nilipoona maneno ya Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111 Miladia), yanatufaa kuliko nilivyotarajia nilipoyasoma kwa ajili ya mtihani.

Katika Ihyaa Ulumiddin, ndani ya kitabu cha tawhidi na tawakali, anazigawa sababu za kuondoa madhara mafungu matatu. Fungu la kwanza ni sababu za yakini, kama maji kwa kiu na mkate kwa njaa. La pili ni za dhana, yaani zinazotarajiwa kufaa ingawa si kwa yakini. Humo anaingiza kuumika na tiba nyingi za matabibu wa zama zake. La tatu ni za kuwaziwa tu, kama kuchoma kwa chuma cha moto. Kisha anatoa hukumu. Kuacha fungu la kwanza si tawakali hata kidogo, bali ni haramu panapoogopewa mauti. Kuacha la tatu ni katika sharti za tawakali. Fungu la kati, kulitumia hakupingani na tawakali, na kuliacha si haramu.

Sasa jiulize, ndugu msomaji: dawa ya saratani iko fungu lipi? Ghazali aliiweka tiba katika fungu la kati kwa sababu tabibu wa zama zake hakuwa na njia ya kujua dawa itamshika nani. Aliwapa wote, ikawafaa baadhi. Kiashiria cha jeni kinabadilisha hilo hasa. Dawa ni ile ile, ila kwa mwanamke huyu inasogea kuelekea yakini, na kwa yule inasogea kuelekea kuwaziwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni HER2. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba uvimbe wenye nakala nyingi za jeni hii ni mkali na hurudi mapema. Kwa miaka kadhaa hiyo ilikuwa habari mbaya tupu: kwa wanawake takriban 15 hadi 20 katika kila 100 wenye saratani ya titi, kiashiria kilisema hali itakuwa ngumu, basi. Mwaka 1998 dawa ya trastuzumabu, maarufu kwa jina la Herceptin, iliidhinishwa Marekani. Dawa hiyo inaikamata protini ya HER2 yenyewe. Mwaka 2005 yakatoka matokeo ya majaribio makubwa kwa wanawake waliogunduliwa mapema: kuiongeza dawa hii kulipunguza kurudi kwa ugonjwa kwa takriban nusu. Kiashiria kile kile kilichokuwa tangazo la msiba kikawa anwani ya dawa. Na kwa mwanamke ambaye HER2 yake si nyingi, kama mama mdogo, dawa hiyo ina gharama kubwa na hatari kwa moyo, pasipo manufaa yaliyothibiti.

Upande wa pili ni kuacha dawa. Jaribio la TAILORx liliandikisha wanawake zaidi ya 10,000 wenye saratani ya mapema inayotegemea homoni, isiyo na HER2 nyingi na isiyofika kwenye tezi za kwapa. Wale wenye alama ya 0 hadi 10 walipewa dawa za homoni pekee, na baada ya miaka mitano zaidi ya asilimia 99 walikuwa hawajarudiwa na saratani katika viungo vya mbali. Wale wa alama 11 hadi 25, zaidi ya 6,700, waligawanywa kwa kura: nusu homoni pekee, nusu homoni pamoja na kemotherapia. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba baada ya miaka tisa makundi hayo mawili yalikaribiana mno, isipokuwa kwa baadhi ya wanawake wa miaka 50 na chini yake, ambao kemotherapia iliwaongezea kinga kiasi.

Fikiria maana yake. Kabla ya hapo, maelfu ya wanawake walipoteza nywele, walitapika, walipata maambukizi, wengine walipoteza uzazi, kwa dawa ambayo kwao ilikuwa karibu na chuma cha moto cha Ghazali. Hakuna aliyejua ni nani. Kipimo kikasema: wewe hapana, wewe ndiyo.

Kwa hiyo jibu langu kwa mjomba ni hili. Kipimo hakiwi mshindani wa tawakali. Kipimo ndicho kinachotuonyesha tawakali inatutaka nini, kwa sababu hukumu ya kushika au kuacha sababu inategemea nguvu ya sababu hiyo kwa mtu huyo. Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akaambiwa kuna tauni, aliwashauri watu, akakusanya habari, kisha akageuza msafara, na Abu Ubayda alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, alimjibu kwamba wanaikimbia kadari kuelekea kadari nyingine. Tunaipenda sana kauli hiyo na tunaisahau ile mashauriano iliyotangulia. Umar alitaka kujua kwanza. Baraza la Kimataifa la Fiqhi nalo, katika kikao chake cha saba mjini Jeddah mwaka 1992, lilieleza kuwa kutafuta tiba huwa wajibu pale kuiacha kunapopelekea kuangamia nafsi au kiungo, na huwa na hukumu nyepesi zaidi katika hali nyingine. Bila kipimo, utajuaje uko katika hali ipi?

Kuna pingamizi moja ambalo siwezi kulimaliza kwa urahisi. Vipi habari mbaya isiyo na dawa? Mwanamke wa mwaka 1990 aliyekutwa na HER2 aliambiwa tu. Na hapa kwetu leo wapo wanaokutwa nayo, dawa ipo duniani, tena imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2015, ila wao hawaipati. Kwangu mimi, habari ni amana ya mgonjwa mwenyewe, si ya kaka zake wala ya mume. Ana madeni ya kulipa, wasia wa kuandika, watoto wa kuwaandalia mlezi. Lakini awe na haki pia ya kusema hataki kujua namba, na daktari anayemrushia asilimia mlangoni huku akiita mgonjwa anayefuata hajatimiza amana, ametua mzigo tu.

Pingamizi la pili linatoka katika usuul al-fiqh. Kutumia alama iliyopatikana kwa wanawake wa Marekani na Ulaya kumhukumu mwanamke wa Iganga ni kiasi, yaani qiyas, na kila mmoja wetu anajua qiyas haisihi ikiwa kuna tofauti yenye athari kati ya asili na tawi. Katika TAILORx wenyewe, wanawake weusi, ambao walikuwa wachache, walipata matokeo mabaya zaidi kuliko weupe ingawa alama zao zilifanana. Tafiti zimeonyesha pia kwamba saratani isiyo na kipokezi chochote kati ya vile vitatu ni nyingi zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika, hasa Afrika Magharibi, kuliko kwa wa Ulaya. Na wengi wetu tunafika hospitali ugonjwa umeshaendelea. Sisemi kipimo ni batili kwetu. Nasema illa haijahakikiwa vya kutosha, na wa kuihakiki ni nyinyi mnaosoma patholojia, si sisi tunaokariri Ajurumiyya. Tusisahau kwamba Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago ilianzishwa mwaka 1967, na katika miaka yake ya mwanzo watoto wa nchi hii waliougua limfoma ya Burkitt walitibiwa kwa kuchanganya dawa, na dunia ikajifunza kutokana nao. Elimu iliwahi kutoka hapa kwenda huko.

Tena tusiruke ngazi. Kipimo cha jeni 21 nchini Marekani kinagharimu takriban dola 4,000, na kwa wengi wa mama zetu huo ni mjadala wa darsani tu. Kinachowauwa kwa sasa kiko chini zaidi. Utafiti uliowafuatilia wanawake wa nchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwemo, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta takriban nusu tu walikuwa hai baada ya miaka mitatu. Wapo wanaopewa tamoksifeni bila vipokezi kupimwa, na wapo waliostahiki kuipata wakakosa, na vidonge vyenyewe ni vya bei nafuu kuliko karibu dawa zote za saratani. Vile vipimo vitatu vilivyojadiliwa kikaoni kwetu ndiyo mlango wenyewe.

Katika jumuiya yetu tunachangia wagonjwa, Alhamdulillah. Nilimuomba mweka hazina anionyeshe daftari la muhula uliopita. Kuna nauli za kwenda Kampala, kuna chakula cha wauguzaji, kuna sanda mbili na gari la maiti. Hakuna hata shilingi moja ya maabara. Nilipomuuliza, alisema kwa uaminifu kwamba hakuna aliyewahi kuomba, na mwenzake akaongeza kuwa zaka hailipii “karatasi ya majibu.” Hilo la pili nalipinga. Wanachuoni wengi wa zama hizi wanaihesabu tiba ya fukara kuwa katika mahitaji yake ambayo zaka inayafikia, na nimeeleza kwa nini kipimo cha vipokezi ni sehemu ya tiba yenyewe: bila hicho, dawa inayonunuliwa kwa zaka hiyo hiyo huenda ikawa inamwagwa kwa mtu ambaye haimfai.

Kamati ya ustawi inakutana Jumamosi ya pili ya mwezi ujao baada ya Alasiri, katika chumba cha nyuma ya msikiti. Nimeshaomba hoja hii iingizwe katika ajenda. Ndugu wa udaktari na wa maabara, tafadhali njooni na bei za vipimo hivyo vitatu katika hospitali mnazofanyia mazoezi, na muda ambao majibu huchukua. Dada zetu nao waje, kwani mara ya mwisho jambo la wagonjwa wa matiti lilijadiliwa na wanaume tisa.

Wabillahi tawfiq.